Ndege za vita zilizoanguka Rufiji: aliyeokoka na asiyeokoka

Vita Vikuu vya Kwanza havikuipita Kwale. Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka mapema, na tarehe 7 Oktoba 1914 palipiganwa Gazi, mwendo mfupi kusini ya Diani. Januari 1915 vikatokea vita vya Jasini, kusini kidogo ya Vanga. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Januari 1916, Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa ameunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, aliuawa Mwele, ndani ya Kwale yetu hii. Mnara wake uko Mombasa, karibu na Fort Jesus.

Hayo wazee wetu waliyazungumza barazani. Upande wa vita hivyo ambao haukuzungumzwa sana ni ule wa ndege. Ndege za kivita ziliruka katika pwani ya Waswahili tangu 1914, zikabeba mabomu na simu ya upepo, na kadhaa zikaanguka. Visa vilivyoandikwa vizuri zaidi ni vya Rufiji na Mafia. Nimevikusanya hapa vitatu, kwa sababu vikiwekwa pamoja vinatufunza jambo ambalo sisi tunaokaa kando ya kiwanja cha ndege cha Ukunda na mikoko ya Gazi tunalihitaji hadi leo. Jambo lenyewe ni kwamba rubani anayeanguka penye maji yetu huokolewa au hupotea kulingana na nani yuko karibu naye, na kama mtu huyo anayajua maji.

Manowari iliyojificha mikokoni

Kisa chote kinaanza na manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, yenye mizinga 10 mikubwa ya milimita 105, chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja ikaipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa bandarini ikitengenezwa injini. Baada ya hapo injini ya Königsberg nayo ikaharibika. Looff akaiingiza meli yake ndani ya mto Rufiji, na vyuma vilivyovunjika vikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa.

Rufiji si mto wenye mlango mmoja. Kabla ya kufika baharini hugawanyika mikono mingi, na kati ya mkono na mkono ni mikoko mitupu. Aliyewahi kuingia kwa mtumbwi vijito vya Gazi au Vanga anaweza kupata picha yake, ila aikuze mara nyingi. Maji yakijaa, njia ni nyingi na zote zinafanana. Maji yakipwa, nyingine hubaki matope.

Waingereza waliiona meli hiyo tarehe 30 Oktoba 1914, milingoti yake ikichomoza katikati ya miti. Kuiona ni jambo moja na kuipiga ni jingine. Manowari zao kubwa zilikuwa na kina kirefu, hazikuweza kuingia mtoni. Mizinga yao kutoka baharini haikufika. Tena Königsberg ilikuwa ikihama, ikipanda juu zaidi ya mto. Ndipo walipotafuta ndege.

Cutler na rejeta kutoka Mombasa

Ndege ya kwanza waliyoipata haikuwa ya kijeshi. Ilikuwa ndege ya maji aina ya Curtiss iliyokuwa Durban, Afrika Kusini, ikitumiwa kuwaonyesha watu maajabu ya kuruka. Rubani wake, Dennis Cutler, alichukuliwa pamoja na ndege hiyo, akapakiwa melini hadi kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia mwezi Novemba 1914.

Safari ya kwanza Cutler alipotea katika mawingu na mvua. Akatua baharini kando ya kisiwa kidogo cha Okuza, meli zikamtafuta hadi zikampata. Ndege ilikuwa imeumia, na rejeta yake haikufaa tena. Kilichoinusuru kilitoka Mombasa: rejeta ya gari aina ya Ford ilichukuliwa huko, ikaletwa kwa meli, ikafungwa kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler aliruka tena juu ya mto akaiona Königsberg mahali ilipojificha.

Mwezi Desemba bahati yake iliisha. Injini ilimkatalia juu ya delta, akalazimika kutua mtoni, karibu na ukingo uliolindwa na askari wa Wajerumani. Mashua za Waingereza zilizokuwa zikingoja mlangoni ziliingia huku zikipigwa risasi, zikaifunga ndege kamba na kuiburura hadi nje. Ndege ikaokolewa. Cutler mwenyewe alikuwa ameshakamatwa, akabaki mfungwa hadi 1917.

Kwa nini zilianguka ovyo

Mtu anaweza kudhani kwamba ndege hizi ziliangushwa na risasi. Zaidi ziliangushwa na hali ya hewa yetu. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, waya na kitambaa, zikishikanishwa kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani viliyeyusha gundi na kupinda mbao. Ndege mbili za maji aina ya Sopwith zilizoletwa Februari 1915 kuja kuipiga Königsberg kwa mabomu hazikuweza hata kunyanyuka majini zikiwa na mzigo wake. Mabomu yakapunguzwa, kisha yakaondolewa yote, na mwangalizi wa kukaa nyuma ya rubani naye akashushwa. Hatimaye ndege ikaruka ikiwa na rubani peke yake na mafuta ya muda mfupi. Ndege ya mabomu isiyoweza kubeba bomu ina kazi gani?

Sababu yake mafundi wa leo wanaijua. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Bawa hupata kitu kidogo cha kuegemea, na injini huvuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu hupungua pande zote mbili. Ndege ya maji ina taabu ya tatu, kwamba lazima ijing'oe majini kwanza, na maji hushika. Ndege za Short zilizofuata mwezi Aprili ziliweza kuruka, lakini hazikupanda juu vya kutosha, na kila zilipopita juu ya mto zilikuwa ndani ya shabaha ya bunduki. Rubani John Cull aliifikia Königsberg kwa mojawapo ya hizo mwishoni mwa Aprili 1915, akarudi na ndege yenye matundu ya risasi.

Suluhisho likawa kuachana na maji. Mafia ilikuwa imeshatekwa na Waingereza tangu Januari 1915, na kiwanja cha kurukia kikasafishwa huko kisiwani. Juni 1915 zikaletwa ndege nne za magurudumu, mbili aina ya Caudron na mbili aina ya Henri Farman. Hizi zilipanda juu zaidi. Lakini kila safari ilikuwa kuvuka bahari kwa ndege isiyoelea, na injini ya kutiliwa shaka.

Kuanguka kwa tarehe 11 Julai 1915

Pamoja na ndege hizo zililetwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, zilizoburutwa kutoka Malta. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, kwa hiyo zilikuwa na matako mapana na kina kifupi. Zingeweza kuingia Rufiji, mradi mtu awaambie wapi pana maji. Kazi hiyo ilifanywa na mwindaji wa Afrika Kusini, P. J. Pretorius, pamoja na wenyeji aliowaajiri. Waliingia deltani kwa siri wakapima kina cha maji na nyakati za kujaa na kupwa. Vitabu vimehifadhi jina la Pretorius. Majina ya wenyeji waliomwonyesha njia hayakupewa nafasi hiyo, na bila wao Pretorius angekwama kwenye matope ya kwanza.

Shambulizi la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai 1915. Alfajiri ndege iliruka kutoka Mafia ikadondosha mabomu karibu na Königsberg ili kuwashughulisha Wajerumani, na Severn na Mersey zikaingia kwa mlango wa Kikunja. Mizinga ya meli hizo ilipiga bila kuiona shabaha, kwa sababu mikoko ilikuwa kati yao. Aliyeona ni mwangalizi wa ndege. Kazi yake ilikuwa kutuma kwa simu ya upepo, kwa alama fupi fupi, kuwa kombora limeanguka mbele au nyuma, kulia au kushoto. Siku ile Mersey ilipigwa na watu wake wakafa, makombora zaidi ya 600 yalipigwa, na Königsberg haikuzama. Meli zikatoka jioni.

Siku tano baadaye, Jumapili tarehe 11 Julai, zilirudi. Juu alikuwa Cull akiendesha Henri Farman, na mwangalizi wake Harwood Arnold. Mara hii makombora ya Severn yalianza kupata, na Arnold akawa anayasahihisha moja baada ya jingine. Karibu saa saba mchana mizinga ya Königsberg ikaipata ndege, na injini ikaharibika.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Ndege ya Farman injini yake iko nyuma ya rubani. Injini ikifa, ndege haidondoki kama jiwe, huteremka polepole kama tiara iliyokatika uzi, na rubani ana dakika chache za kuchagua pa kwenda. Cull hakujaribu kurudi kiwanjani Mafia, maana asingefika. Aliielekeza ndege kwenye meli zao mtoni. Na Arnold, badala ya kujishikilia, aliendelea kutuma. Aliwaarifu kwamba wamepigwa na kwamba iletwe mashua. Kisha, ndege ikizidi kushuka, akaona kwamba makombora yote yanaipata Königsberg upande wa mbele, akatuma sahihisho la kuyasogeza hadi katikati ya meli.

Ndege iligusa maji karibu na Mersey ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alinaswa chini ya maji na mikanda yake, akapambana hadi akajitoa. Mashua ya Mersey ilikuwa imeshafika, ikawaokota wote wawili wakiwa hai. Sahihisho la mwisho la Arnold lilikuwa limefika nalo. Muda mfupi baadaye Königsberg ilikuwa inawaka moto, Looff amejeruhiwa, na mabaharia wake wakailipua wenyewe ili isitekwe.

Haikuwa mwisho wa mizinga yake. Wajerumani waliiopoa yote 10, wakaifunga magurudumu, na vita vya nchi kavu vikaendelea nayo. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Watoto wengi wa Kwale wamepiga picha kando yake katika safari za shule bila kuambiwa umetoka mto gani.

Siku tatu za Moon na Bridgeman

Kisa cha tatu kimetokea mwaka mmoja na nusu baadaye, katika delta ileile, na mwisho wake ni mwingine. Tarehe 6 Januari 1917 rubani Edwin Moon aliruka kwa ndege ya maji kuchunguza Rufiji. Mwangalizi wake alikuwa kamanda wa jeshi la maji, Richard Bridgeman. Injini iliwasumbua, wakalazimika kutua katika mojawapo ya vijito. Ndege ilikuwa imeshindikana, wakaiharibu ili isiwafae maadui.

Kutua kwenyewe kulikuwa salama kuliko kwa Cull. Hakuna aliyepinduka, hakuna aliyejeruhiwa. Lakini hawakuwa na meli karibu, wala mashua, wala mtu wa kuwaongoza. Walizunguka deltani wakijaribu kurudi baharini kwenye meli yao bila kukamatwa. Kingo hazikupitika kwa msitu, kwa hiyo walilazimika kuogelea kutoka kijito hadi kijito, na Bridgeman hakuwa muogeleaji hodari. Chakula hawakuwa nacho, au walikuwa na kidogo mno. Tarehe 7 waliunda chelezo kwa miti mitatu na fremu za madirisha ya kimiani, wakapiga makasia na kupelekwa na maji siku hiyo na siku ya pili yake.

Mvuvi yeyote wa Msambweni ataona mara moja hatari ya chelezo hicho. Chelezo hakina usukani wala tanga. Kinakwenda na maji, na maji ya mtoni yakipwa hayakusubiri mtu, humtoa nje moja kwa moja. Asubuhi ya tarehe 9 mkondo uliwatoa hadi bahari kuu. Huko Bridgeman alikufa kwa uchovu na kupigwa na jua na maji, mwenzake akijitahidi kumshikilia. Jioni Moon alifika nchi kavu peke yake, akatekwa na Wajerumani. Baada ya vita aliendelea na urubani, akafa mwaka 1920 katika ajali ya ndege ya maji huko Felixstowe, Uingereza.

Tukivilinganisha visa vitatu

Cutler alianguka karibu na watu, lakini walikuwa maadui, akafungwa. Cull na Arnold walianguka vibaya kuliko wote, ndege ikapinduka na mmoja akazama nayo, wakaokoka, kwa sababu walichagua kuanguka palipo na mashua na walikuwa wameshaiita. Moon na Bridgeman walitua vizuri, na mmoja akafa, kwa sababu walitua mahali ambapo hakuna aliyejua waliko.

Kwa hiyo uzito wa ajali peke yake haukuamua nani aishi. Kilichoamua ni mambo matatu: kutoa habari mapema, kuwa na chombo karibu, na kuwa na mtu anayejua njia za maji. Mambo hayo matatu hayajabadilika kwa miaka zaidi ya 100.

Ndiyo maana naandika haya hapa Diani. Kiwanja cha Ukunda kiko hatua chache kutoka baharini, na ndege za abiria huingia na kutoka juu ya ufuo na mwamba wetu. Kusini yake kuna mikoko ya Gazi, kisha Funzi, kisha Vanga. Siku ndege itakaposhindwa kufika kiwanjani, na tunamwomba Mungu siku hiyo isifike, wa kwanza kuiona hatakuwa afisa aliyeko Nairobi. Atakuwa mvuvi aliyetega nyavu, au kijana wa mashua ya watalii, au mama anayeokota chaza maji yakiwa yamepwa.

Tuna Walinzi wa Pwani wa Kenya tangu 2018, na tuna kamati za ufuo za wavuvi, zile tunazoziita BMU. Maoni yangu ni kwamba kila kamati kutoka Tiwi hadi Vanga iwe na orodha fupi iliyobandikwa bandani: nani ana mashua yenye injini inayowaka, nani anajua vijito vya mikoko usiku, na nambari ya simu ya kupigwa kwanza. Kiwanja cha ndege kiwe na nakala ya orodha hiyo. Na mara moja kwa mwaka pafanywe jaribio, maji yakiwa yamekupwa, maana wakati huo ndipo mashua za kina kirefu hushindwa na ngalawa na mitumbwi yetu hupita. Gharama ya hayo ni karatasi, simu na asubuhi moja ya kazi.

Jambo la mwisho ni kwa wanaozamia na wanaokata mikoko. Vita viwili vikuu vilipita pwani hii, na chuma cha vita hakiozi upesi. Ukikuta kitu chenye umbo la kombora au bomu, usikiguse, usikigonge, wala usimpelekee muuza vyuma chakavu. Weka alama mahali hapo na uwaarifu polisi. Kama ni kipande cha ndege au cha meli, waarifu pia Makumbusho ya Taifa, kwa sababu sheria ya urithi ya 2006 inavilinda vitu vya namna hiyo. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za ndege, za Mwele au za Gazi, mrekodi kwa simu yako wiki hii. Wenyeji waliompimia Pretorius maji ya Rufiji hawakupata mtu wa kuyaandika majina yao.